Mistari Sitini ya Mzee Mwamburi

Nimeishi miaka kumi na saba nikiamini kwamba Mzee Mwamburi alinitemea mate. Sikumwambia mtu. Mume wangu hajui, wanangu hawajui, na wale vijana ninaowafundisha kazi ya katuni hapa Mombasa wanajua tu kwamba nikitajiwa Voi huwa nabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo Wafula aliponipigia simu Jumanne ile, kwa namba aliyopewa na mmoja wa vijana hao, na sauti yake ikiwa ile ile ya kukwaruza, akasema, "Zuhura, mzee wetu ametuacha. Mazishi ni Ijumaa, kule kwake Wusi," la kwanza lililonijia moyoni halikuwa dua. Lililonijia ni kwamba amekwenda nayo. Amekwenda na hasira yake, na mimi nimebaki na maji yake usoni. Kisha nikaona haya, nikasema pole zinazosemwa, nikakata simu, nikakaa jikoni na kitunguu mkononi mpaka mafuta yakaungua sufuriani. Mume wangu alipouliza kuna nini, nikamwambia nimefiwa na mtu niliyefanya naye kazi zamani, basi. Siku ya Alhamisi nikapanda treni.

Nilikotoka na walionizaa niwaache kando, si habari ya mwaka ule wa Voi ninaousimulia. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini na mitano, sikuwa Mtaita, Kidawida, lugha yao, sikujua hata salamu, na mambo ya kompyuta nilijiona nayajua yote. Wafula ni mtu wa magharibi kwa asili, lakini alizaliwa Voi kwa kuwa babake alifanya kazi reli. Alikuwa amepata kazi ya filamu ya katuni ya watoto, dakika nane tu, ya bibi mmoja na mbuzi wake wanaotoka kijiji cha Makwasinyi na kupanda mlima Kasigau kufuata maji. Wenye kazi walikuwa mbali, tuliwajua kwa barua pepe peke yake. Walitaka filamu nzima iwe ya mistari mitupu, mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe, na ionekane imechorwa kwa mkono wa mtu. Wafula akanipigia, nikaja na begi moja nikidhani nitakaa miezi mitatu. Nilikaa mwaka.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la hadwea, bati bila dari, na jua la Voi likitushukia hadi utosini. Tulikuwa na kompyuta tatu, feni moja iliyogeuza shingo ikakwama upande wa ukuta, na dirisha ambalo ukilifungua vumbi linaingia na ukilifunga unachemka. Wafula alikuwa mtu wa kwenda. Leo Nairobi, kesho Mombasa, anatafuta kazi nyingine kabla hii haijaisha, na mimi nikabaki na mashine. Kutwa nzima nilisikia kupitia mbao za sakafu watu wakiulizia misumari na bawaba, na mwenye duka akiwajibu kwa ukali kana kwamba wamekuja kumwibia. "Inchi ngapi? Nauliza inchi ngapi! Sasa mimi nitajuaje mlango wako?" Kuna siku hayo ndiyo maneno pekee yaliyosemwa karibu nami tangu asubuhi. Nilianza kuyangoja. Mwenye duka alipoumwa akafunga siku mbili, nilihisi nimesahauliwa na dunia.

Chumba nilichopanga kilikuwa upande wa reli, kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili. Ukuta uliotutenga na jirani ulikuwa wa mbao nyembamba. Walikuwa mke na mume, watu wa magharibi, mume akifanya kazi shamba la mkonge. Jioni wakikaa kula, mume angeanza visa vyake vya shambani, nani alikimbizwa na nyuki, nani alilala kwenye trela akaamkia kiwandani, na mke angesema, "Ebu acha uongo wewe!" kisha wakacheka wote wawili. Nami nilijifunza saa yao. Nilipakua chakula changu walipopakua chao, nikaketi na mgongo wangu ukutani, nikala nao bila wao kujua. Kisa kikichekesha sana nilicheka mdomo nimeufunga. Leo ninavyoandika naona ni jambo la kumtia mtu huruma, na nilipokuwa nikilifanya pia nililiona hivyo, lakini sikuacha. Kuwagongea mlango niseme mimi ni fulani, nimetoka mahali fulani, kulinishinda kabisa.

Niieleze sasa kazi yenyewe, maana bila hiyo ugomvi wetu utaonekana wa kipuuzi. Ndani ya kompyuta yule bibi alikuwa mzima, ana mgongo, ana tumbo, ana kisogo, unaweza kumzunguka kama sanamu la udongo. Kompyuta ilipewa kazi ya kutafuta pale umbo lake linapoishia machoni, ukingo wa bega, mkunjo wa leso, mdomo wa mtungi, na hapo ichore mstari. Ikiachiwa yenyewe huchora mstari mkavu, umekauka kama waya. Kwa hiyo unatafuta mchoraji wa kweli, anakuchorea mistari kwa brashi juu ya karatasi, mirefu na mifupi, minene na myembamba, unaiingiza kwa skana, kisha programu inachukua mstari mmoja mmoja, inauvuta, inaupinda, na kuuvisha ule ukingo. Hapo bibi anaonekana amechorwa na binadamu. Kutoa picha hizo moja moja tuliita kurenda, na kurenda sekunde moja ni kutoa picha ishirini na nne. Taabu ni kwamba kila picha kompyuta huanza upya, haikumbuki ilichofanya picha iliyopita. Mstari uliokuwa begani unaurukia mkono. Mlima uliosimama tangu Mungu auumbe unaonekana umeingiwa na siafu. Nilikuja Voi kutuliza mistari.

Mchoraji alikuwa Mzee Mwamburi. Kwa zaidi ya miaka thelathini ndiye aliyechora mabango ya maduka Voi, ng'ombe wa kwenye bucha, vichwa vya kinyozi, herufi za dobi na fundi cherehani. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, na wakati huo huo yakaja mabango ya kuchapwa na mashine, na watu wakaacha kumwita. Siku Wafula alipomleta juu alikuwa amevaa koti la suti kwenye joto lile, na mkono ameuficha mfukoni. "Shikamoo, Mzee," nikamwambia. "Marahaba, mwana wa pwani," akajibu, na jina hilo halikunitoka tena. Nikamtandikia karatasi ya manila mezani. Akatoa mkono, akachovya brashi, akavuta mstari wa kwanza. Ulitetemeka mwanzo mpaka mwisho. Akaweka brashi chini taratibu. "Umeona mwenyewe," akasema. "Huyu Wafula ananiheshimu tu, aliniita kwa ajili ya zamani." Mimi nilikuwa nimeinamia ile karatasi, nimesisimka. "Mzee, hiyo hiyo ndiyo tunayoitaka! Mstari ulionyooka kompyuta inao. Unaotetemeka haina." Akanitazama. "Usinifurahishe bure." "Wallahi sikufurahishi." Na lilikuwa neno la kweli, nasema mbele ya Mungu, siku ile lilikuwa kweli. Akachora mistari sitini kwa siku mbili, akaipa kila mmoja nambari yake, na alipoteremka ngazi alisahau kuurudisha mkono mfukoni.

Tangu hapo akawa anashuka kutoka Wusi, juu milimani Taita, kila Jumatatu. Hakuwa na kazi tena pale, mistari yake ilikuwa imeshaingia ndani, lakini alikuja kutazama. Alibeba hotipoti ndogo imefungwa kwa kitambaa, na ndani kimanga, ndizi na maharagwe yamepondwa pamoja, bado moto baada ya safari yote ile. Alikipika bintiye, Wakesho, ambaye mimi sikumjua ila kwa sauti, maana kila ifikapo saa sita mchana alimpigia babake kumuuliza kama amekula. "Nimekula, Wakesho. Ndiyo, na yeye amekula. Yule mwembamba, ndiyo." Tulikula kwa kijiko kimoja kimoja kutoka hotipoti ile ile, miguu yetu chini ya meza iliyojaa nyaya. Alinifundisha kula nimenyamaza na yeye akinyamaza, na haikuwa upweke. Tukimaliza namwonyesha tulichorenda wiki ile. Yeye hakutazama bibi wala mbuzi, alitazama mistari, na aliitambua mmoja mmoja. "Huo wa mgongoni ni wa nane. Huo wa mtungi ni wa arobaini na mbili, nilikuwa nimechoka." Siku moja akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Ndevu za mbuzi! Mwana wa pwani, huo ni wa thelathini na moja. Nilipiga chafya nikiuchora!" Ni kweli, mstari ule ulikuwa na kiruko katikati, na kwa bahati programu iliupenda, ikauweka kidevuni kwa mbuzi. Tukacheka mpaka mwenye hadwea akagonga dari yake kwa ufagio. Jumatatu hizo ndizo zilizonishikilia. Siku nyingine sita za wiki nilizivuka tu.

Kisha mvua za vuli zikaja na bati likavuja juu ya kabati. Karatasi za manila zote zikalowa, wino ukasambaa, zikawa za kutupa. Nilimficha Mzee jambo hilo, nikajiambia hakuna hasara, mistari iko salama ndani ya kompyuta. Na huko ndani kazi ilikuwa inanishinda. Kwa miezi minne nilikuwa nimeandika maelekezo ya kuifanya kila picha ikumbuke picha iliyotangulia, mstari ukae pale ulipokaa. Mlima ulitulia. Mbuzi akatulia. Mikono ya bibi na uso wake vilikataa, kwa sababu pale mistari ni mifupi na imesongamana, na mtetemo wa Mzee ukiongezwa juu ya mruko wa kompyuta, uso wote ulichemka. Wenye kazi wakaandika: mistari inatikisika, watoto wataona kizunguzungu, tunahitaji filamu mwisho wa mwezi. Wafula akanisomea kwa simu kutoka Nairobi, na akaongeza kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi, "Fanya unavyoweza, Zuhura. Nakuamini."

Ilikuwa Jumapili mchana. Voi nzima ilikuwa kanisani, hadwea imefungwa, hata jirani zangu walikuwa wametoka wamevaa vizuri. Nilikuwa peke yangu na feni iliyotazama ukuta. Nikaufungua mstari wa kwanza, nikaupitisha kwenye kinyoosha cha programu, ukatoka laini, umenyooka, hauna kosa. Nikafanya wa pili. Nikafanya yote sitini. Haikuchukua hata saa nzima. Diski ilikuwa imejaa, programu ikaniuliza kama nihifadhi juu ya ile ya zamani, nikabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, na wa thelathini na moja nikaubonyezea ndiyo kama mingine. Nikarenda uso wa bibi. Ukatulia tuli. Nikapiga makofi peke yangu chumbani, kweli nilipiga, na nikatazama nyuma nione nani wa kumwonyesha.

Kesho yake Mzee akaja na hotipoti yake. Wafula alikuwa amerudi, yuko chumba cha pili na simu zake. Nikamketisha Mzee, nikabonyeza. Bibi akapanda mlima, akatua mtungi, akajifuta jasho. Mzee hakusema wa nane wala wa arobaini na mbili. Alitazama mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani amechora huyu?"

"Ni wewe, Mzee. Ni mistari yako ile ile."

"Mimi hutetemeka."

"Wenye kazi walilalamika. Nimeinyoosha kidogo tu."

Akasogeza kiti karibu na skrini. "Ule wa chafya uko wapi?" Nikapangusa vumbi kwenye kibodi. "Ile ya kwanza umeiweka wapi? Nionyeshe ile."

"Haipo, Mzee. Nimehifadhi hii juu yake. Na zile karatasi zililowa."

Chini mtu alikuwa akiulizia kufuli. "Siku ile uliniambia ni mkono huu mnaoutaka," akasema. "Mimi sikukuomba uniambie. Nikatoka hapa nikawaambia watu. Kanisani nimewaambia. Wakesho nimemwambia. Sasa niwaambie nini?"

Hapo palikuwa pa kuomba radhi. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimekaa mwaka mzima sisemi na mtu, na kosa nililijua, na mtu anayelijua kosa lake ni mbaya kuliko asiyelijua. Nikasimama nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Mkono wako ndio uliotuchelewesha, Mzee! Miezi minne nahangaika na mtetemo wako!" Chini pakanyamaza, hata mwenye hadwea. Wafula akatokeza kichwa mlangoni, akakirudisha. Mzee Mwamburi akauangalia mkono wake, akautia mfukoni. "Sawa, mwana wa pwani," akasema. Akachukua hotipoti yake, ambayo hatukuwa tumeifungua, akashuka ngazi.

Jumatatu iliyofuata hakuja. Na iliyofuata hakuja. Nilikula mkate na chai ya mkandaa isiyo na maziwa mbele ya skrini, na nilikuwa na hasira naye, nikubali hilo pia. Nilimkasirikia kwa sababu ameniacha peke yangu. Jumatatu ya tatu nikasikia hatua zake ngazini. Wafula hakuwepo. Mzee aliingia bila hotipoti, kwapani ana karatasi zimekunjwa mviringo zikafungwa kwa kamba ya mkonge. Hakuketi. Aliangalia meza, akaona kikombe changu cha plastiki cha maji, akakichukua bila kuniomba. Akajaza maji kinywani. Nilidhani ana kiu. Kisha akayapuliza, pfuu, mbele yangu, matone yakaruka, mengine yakanipiga usoni, mengine kwenye buibui langu, mengine yakatua kwenye skrini juu ya uso wa yule bibi. Akasema maneno ya Kidawida kwa sauti ya chini, akapuliza tena. Halafu akaninyooshea kikombe.

Nilikisukuma. Kikaanguka, maji yakamwagikia nyaya, kompyuta ikazima. "Umenitemea mate!" nikapiga kelele. "Mtu mzima kama wewe, unanitemea mate!" Aliniangalia kwa mshangao, mkono wake bado umenyooka, unatetemeka. Akafungua mdomo aseme kitu, na sikumpa nafasi. Nilichukua mkoba nikampita mlangoni. Jioni ile nilifungasha begi. Jirani walikuwa wanacheka upande wa pili, na sikuketi kuwasikiliza. Asubuhi niliondoka Voi, nikabadilisha laini ya simu, na filamu Wafula akaimalizia mwenyewe na mistari yangu iliyonyooka. Ilipokewa. Hakuna aliyelalamika.

Hayo ndiyo niliyopanda nayo Wusi Ijumaa hiyo. Wafula ana mvi sasa na kitambi. Alikuwa amenipokea stesheni jana yake, na asubuhi akanipandisha kwa gari lake, na njiani tulizungumza habari za watoto. Tulifika mapema, kabla ya watu wa kanisa. Shamba ni dogo, limekwea mlima, migomba na sukuma, kaburi limechimbwa karibu na nyumba. Wakesho nilimtambua kwa sauti kabla sijamwona. Alikuwa amesimama uani na kakake, wawili ambao Wafula aliniambia hawajasemezana tangu walipogombania shamba. Shangazi yao, mwanamke mfupi aliyejifunga leso mbili, aliwaletea kikombe cha maji. Wakesho akakichukua. Akajaza kinywa. Akapuliza chini kuelekea kwa kakake, pfuu, akasema maneno kwa Kidawida, akapuliza tena, akamnyooshea kikombe. Kakake akakipokea. Naye akajaza, akapuliza, akasema yake. Kisha wakaingia ndani kula.

"Wafula," nikamshika mkono wa koti, "wanafanya nini wale?"

"Wanatoa hasira," akasema, kama mtu anayeulizwa chai ni nini. "Kutasa, wanaiita. Mtu akiwa na kinyongo na wewe anakipuliza na maji, kinatoka moyoni. Kisha anakupa kikombe na wewe utoe chako. Hamzikani wala hamli pamoja na kinyongo. Wa kanisa wengi wameacha, lakini wazee..." Akanikata jicho. "Kwani hukujua? Si ulikaa Voi mwaka mzima?"

"Nilikaa chumbani," nikamwambia. Nikalia pale pale uani, kwa sauti, mbele ya watu nisiowajua, na wao wakadhani namlilia marehemu, na walikuwa sawa.

Tulimzika saa nane. Baada ya watu kupungua Wakesho alinijia, akanishika mabega akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Mwana wa pwani. Umenenepa." Nikamweleza yote, kikombe, maneno yangu, kelele zangu. Hakushangaa hata kidogo. "Alirudi akatuambia umeondoka kabla hujatoa yako," akasema. "Alisema kosa ni lake, hakukueleza, alidhani kila mtu anajua. Alimtuma Wafula akupigie, laini yako haikupatikana. Akawa anauliza kila mwaka. Baadaye akaacha kuuliza, lakini kitu chako hakukitupa." Akaingia ndani, akatoka na karatasi zilizokunjwa mviringo, kamba ya mkonge ile ile.

Nilizifungua pale kwenye benchi. Mistari sitini, kila mmoja na nambari yake. Ilikuwa imenyooka. Si kunyooka kwa kompyuta, lakini imenyooka, minene, ya polepole, karibu haitetemeki kabisa. Sikuelewa. Nikatafuta wa thelathini na moja, na katikati yake palikuwa na kiruko, kimewekwa kwa makusudi.

"Ulimwambia mkono wake unawachelewesha," Wakesho akasema. Hakulisema kwa ubaya. "Akachora upya. Mimi nilimshikilia kiwiko, na mkono mwingine nikamshika hapa, kwenye kifundo. Siku kumi na mbili. Tulikuwa tukichora mitano kwa siku, akichoka tunaacha. Alitaka akuletee ile usiyopata taabu nayo."

Siku ile alikuwa nayo kwapani. Niliiona, na sikuuliza.

Wakesho alikwenda kwenye mtungi akarudi na kikombe cha bati kimejaa. "Baba alimaliza yake siku ile ile," akasema. "Ilibaki zamu yako."

"Kidawida sijui."

"Sema kwa lugha yako. Sema kilichoko."

Nilisogea mpaka kwenye udongo mbichi. Nikajaza maji kinywani, baridi ya mlimani, nikapuliza, na kwa kuwa sikujua namna yenyewe nusu yakanirudia kwenye miwani. "Mzee," nikasema, "nilikukasirikia kwa kosa langu mimi. Nimekukasirikia miaka kumi na saba. Sasa sina." Nikapuliza tena. Wakesho akakipokea kikombe, akanywa maji yaliyobaki, akaniambia niingie ndani, kimanga kinapoa.